Choo Kilichobebwa Bila Kutumika

Madrasa tulifundishwa mapema kwamba kuna mahali patatu ambapo mtu hajisaidii hata abanwe namna gani: kwenye maji wanayochota watu, kwenye njia wanayopita, na kwenye kivuli wanachopumzikia. Anayefanya hivyo watu humlaani, na laana hiyo ameitafuta mwenyewe. Nilikuwa na miaka saba au nane, nikadhani ni adabu za watoto tu, kama kutokula umesimama. Miaka mingi baadaye, nilipoanza kufuatilia mabishano ya New Zealand kuhusu wasafiri wanaolala kwenye magari yao, orodha ile ilinirudia yote. Maana ukiuliza gari-nyumba hupenda kulala wapi, jibu ni hilohilo: kando ya ziwa, kando ya barabara, chini ya mti.

Kwetu magari haya tunayaona kwa nadra. Land Rover ya Mjerumani yenye hema juu ya paa, au lori la zamani la jeshi lenye kitanda, jiko na sinki ndani, linavuka Namanga kuelekea kusini na watoto wanalikimbilia. New Zealand ni maisha ya kawaida. Kuna wastaafu waliouza nyumba wakanunua gari la kulala. Kuna vijana kutoka Ulaya wenye viza ya kufanya kazi huku wakitalii. Wananunua vani kuukuu, wanatupia godoro nyuma, wanachuma matunda mashambani mwezi mmoja na kuzurura miezi mitatu. Kinachobishaniwa ni kulala bure kwenye ardhi ya umma, nje ya kambi za kulipia. Tuite kambi huru. Mwaka 2019 ilikadiriwa kwamba watu wapatao 245,000 walilala hivyo wakati fulani wa safari zao, katika nchi yenye watu milioni 5 hivi. Kati yao, 91,000 walikuwa raia na wakazi wa nchi hiyohiyo. Ishike hiyo namba ya mwisho.

Sheria inayoongoza jambo hili ilipitishwa mwaka 2011, wiki chache kabla ya Kombe la Dunia la Raga lililochezwa huko Septemba na Oktoba. Mpangilio wake ni kinyume na tulivyozoea. Sisi tungetarajia kwamba huruhusiwi kulala popote mpaka uone kibao cha ruhusa. Wao walisema ardhi ya halmashauri iko wazi, mpaka halmashauri itunge sheria ndogo ya kuzuia mahali fulani. Na sababu za kuzuia ni tatu tu: kulinda eneo lenyewe, kulinda afya na usalama wa watu, na kulinda njia ya wengine kufika hapo. Kufunga wilaya nzima hairuhusiwi. Katika hizo tatu hakuna "wakazi wamechoka", wala hakuna "mwenye kambi ya kulipia anapoteza wateja". Iko halmashauri iliyokuja kujikwaa hapo, na nitaifikia.

Kabla ya hapo, stika. Tangu 2001 palikuwa na kiwango cha kitaifa kilichosema gari linalojitosheleza ni lipi: libebe maji safi ya kuwatosha waliomo kwa siku tatu, liwe na tangi la kuhifadhi maji machafu ya sinki, liwe na pipa la taka lenye mfuniko, na liwe na choo. Gari likikaguliwa na kufaulu linapewa stika ya buluu, na stika hiyo ndiyo iliyofungua maegesho mengi ambayo halmashauri zilikuwa zimeyafunga kwa magari mengine.

Shida ilikuwa kwamba choo chenyewe kiliruhusiwa kuwa cha kubebeka, ndoo ya plastiki yenye kifuniko na mpini. Ndani ya vani ndogo ambayo godoro limejaza nafasi yote, ndoo ile ilisukumwa chini ya kitanda siku ya ukaguzi na mara nyingi ikabaki hukohuko. Mwaka 2017 kiwango kikarekebishwa: choo lazima kiweze kutumika ndani ya gari hata kitanda kikiwa kimetandikwa. Lakini hakuna mkaguzi anayekuja saa kumi na moja alfajiri kuona kama umekitumia. Na ukweli wa kibinadamu ni kwamba watu wawili waliofahamiana wiki tatu zilizopita, ndani ya vani isiyo na ukuta, hawatakitumia. Mmoja atafungua mlango na kuingia vichakani.

Nchi nzima ikaanza kuhesabu karatasi za chooni vichakani.

Kwa Wamaori, wenyeji wa asili wa visiwa vile, jambo hili ni zito kuliko karaha ya kawaida. Kwao uchafu wa binadamu hauchanganywi na maji wala na chakula. Hata mitambo ya maji taka ya miji imebishaniwa kwa hoja hiyo, kwamba maji hayo yapite kwanza ardhini kabla ya kufikishwa mtoni au baharini. Mtu wa Pwani hahitaji kuelezwa sana. Sisi tuna twahara na tuna najisi, na tunajua kuna maji ambayo yanaonekana meupe machoni lakini huwezi kuyatawadhia. Ziwa linaweza kuwa safi kwa vipimo vya maabara na bado likawa limevunjiwa heshima.

Hapo ndipo jina la wanaolala garini lilipoharibikia, na namna lilivyoharibika inafaa kutazamwa kwa makini kuliko uchafu wenyewe.

Fikiria mkazi anayetembeza mbwa wake saa moja asubuhi kando ya Lake Hayes, ziwa lililo karibu na Queenstown, mji wa watalii. Usiku uliopita magari ishirini yalilala pale. Kumi na nane yalifika jioni, yakafunga mapazia, yakaondoka kabla jua halijapanda, hayakuacha hata mfuniko wa chupa. Mawili yaliacha. Mkazi huyu ataona nini? Ataona ya wale wawili tu. Wale kumi na nane hawapo katika hesabu yake, kwa sababu wema wa kazi yao ni kutoacha alama. Kadiri mtu anavyoegesha kwa adabu ndivyo anavyofutika, na kadiri anavyofutika ndivyo picha ya kundi inavyochorwa na wahuni peke yao. Yako makundi machache duniani yenye bahati mbaya ya namna hii. Daktari mzuri anaacha mgonjwa aliyepona, na fundi mzuri anaacha nyumba. Msafiri mzuri wa gari-nyumba anaacha nyasi zilizolala kidogo.

Ndiyo maana sishangai kwamba Februari 2018 halmashauri ya Queenstown-Lakes ilifunga maegesho ya Lake Hayes na Shotover Delta. Watu walikuwa wanafua na kuoga ziwani. Wala sishangai kwamba mwaka 2020 waziri wa utalii, Stuart Nash, alisema hadharani, kwa lugha ambayo mzee wangu asingeiruhusu mezani, kwamba wanaozunguka na vani zisizo na choo wanasimama kando ya barabara na kuchafua mito. Kinachonishangaza ni wakati aliosema. Ilikuwa Novemba 2020, mipaka ya New Zealand ilikuwa imefungwa tangu Machi kwa sababu ya korona, na watalii wa kigeni hawakuwa wakiingia. Alikuwa anazungumzia wageni watakaorudi. Ile namba niliyokuomba uishike, wenyeji 91,000, zaidi ya theluthi moja ya wote, ilipotea katika mazungumzo. Mgeni ni rahisi kumlaumu, hana diwani.

Walioumizwa zaidi na jina hilo ni chama cha wenye magari-nyumba wa nchi hiyo, NZMCA, kilichoanzishwa 1956 na ambacho sasa kina wanachama zaidi ya 100,000, wengi wao watu wazima wenye wajukuu. Hawa wana kila sababu ya kulinda jina. Wana nembo ya mabawa wanayoibandika mbele ya gari, wana viwanja vyao vya kulala kwa ada ndogo, na wana mpango wa kuitambua miji inayowakaribisha: mji uwe na mahali pa kulala na mahali pa kumwaga choo, nao wataleta pesa kwa mwoka mikate, kituo cha mafuta na duka la dawa. Ukiutazama vizuri, mpango huo ni jaribio la kutibu ule ugonjwa wa kutoonekana. Kwa kuwa nyasi zilizolala hazisemi kitu, mashine ya malipo ya mwoka mikate itasema.

Na unafanya kazi, kwa wao. Mwanachama anajulikana, ana namba, atarudi mwakani. Kijana aliyekodi vani kwa siku kumi na mbili hana wa kumwaibisha. Keshokutwa yuko Singapore akisubiri ndege ya kwao. Chama hakina mkono wa kumfikia, na ukimpa kijitabu cha maadili ya wasafiri atakitumia kukingia sufuria.

Mjomba wangu aliendesha lori kati ya Dar es Salaam na Lubumbashi kwa miaka mingi, na alilala ndani ya lile lori usiku mwingi kuliko alivyolala kitandani kwake. Alikuwa na kanuni moja: usilale mahali ambapo hukula. Akifika Tunduma au Kasumbalesa anatafuta kwanza mama lishe, anakula, anataniana naye, anamwachia mlinzi chenji, kisha ndipo utingo wake anatafuta pa kuegesha. Kwa hiyo asubuhi ikikutwa dizeli imemwagika au choo cha jirani kimeharibiwa, mama lishe anasema, "Huyo simjui, lakini wa lile lori la buluu si mtu wa hivyo." Stika ya mjomba ilikuwa mdomo wa yule mama. Wanaosema tatizo la magari-nyumba litatatuliwa kwa wasafiri kuwa na maadili wanasahau kwamba maadili ya mjomba yalikuwa na shahidi. Ukilala bure kando ya ziwa, mbali na kila mtu, ukiwa umenunua chakula chako chote kwenye duka kubwa la mjini, umechagua kukosa shahidi.

Mwaka 2023 New Zealand ikabadilisha sheria. Kuanzia Juni 7 mwaka huo, stika ya buluu ilianza kuondolewa hatua kwa hatua na nafasi yake kuchukuliwa na ya kijani, na masharti yakabadilika pale palipouma: choo lazima kiwe kimefungwa ndani ya gari. Ndoo ya kubebeka haihesabiki tena. Usimamizi wa ukaguzi umepewa bodi ileile inayosimamia mafundi bomba, na faini iliyokuwa dola 200 ikapanda kufikia dola 400 na zaidi kwa makosa makubwa. Ushauri wa kubana kiwango cha choo ulikuwa umetolewa na kamishna wa bunge wa mazingira, Simon Upton, katika ripoti yake ya utalii ya mwanzoni mwa 2021. Walalamishi walisema ni kuwafukuza maskini na kuwaacha wenye magari ya bei kubwa. Kuna ukweli ndani yake. Kufunga choo katika vani kuukuu kunaweza kugharimu sehemu kubwa ya bei ya vani yenyewe.

Hata hivyo mimi niko upande wa sheria hiyo, na ninaiunga mkono kwa sababu ndogo sana: inahamisha jambo kutoka kwenye tabia na kulipeleka kwenye bomba. Tabia ya mgeni wa siku kumi na mbili huwezi kuisimamia. Bomba unaweza kulikagua. Ila bomba lazima liishie mahali. Choo cha gari-nyumba ni kasha linalojaa baada ya siku chache, na likijaa, yule mtu mwadilifu wa kijani ana haraka sawasawa na mhuni wa vichakani. Ndani ya kasha kuna dawa, mara nyingi ya rangi ya buluu, inayozuia harufu kwa kuua bakteria; ukiimwaga kwenye choo cha shimo au tangi la kijijini unaua pia bakteria wanaokifanya choo hicho kifanye kazi. Na maji ya sinki ukiyaelekeza kwenye mtaro wa mvua unaweza kuwa umeyapeleka moja kwa moja mtoni, kwa sababu mtaro wa mvua kwa kawaida haupiti kwenye mtambo wa kusafisha. Halmashauri inayodai stika ya kijani bila kujenga mahali pa kumwaga imejinunulia uchafu uleule, safari hii umekusanywa pamoja na una kemikali.

Jambo hili tumelipitia sisi wenyewe kwenye barabara zetu. Nani hajachimba dawa? Basi linasimama porini, wanaume kushoto, wanawake kulia, kondakta anapiga honi. Serikali ya Tanzania imekataza tabia hiyo zaidi ya mara moja, viongozi wakatoa hotuba kuhusu ustaarabu na kipindupindu. Abiria wa leo hajawa mstaarabu kuliko baba yake. Kilichotokea ni kwamba zimejengwa hoteli za njiani, Korogwe, Chalinze, Ruaha Mbuyuni, zenye vyoo vingi na chipsi kuku za bei ya kuumiza, na kampuni za mabasi zikaona faida kusimama hapo. Dakika kumi, chooni, kula, twende. Kule ambako hoteli hizo hazijafika, dawa inachimbwa mpaka leo na watu walewale.

Ulaya wameshughulika zaidi na neno. Hispania, tangu waraka wa mamlaka ya usalama barabarani wa mwaka 2008, ilitenganisha kuegesha na kupiga kambi kwa kipimo ambacho hata askari mchovu anaweza kukitumia: gari liguse ardhi kwa magurudumu tu, lisipanue nafasi yake kwa vivuli vya turubai wala viti, na lisitoe kimiminika wala hewa yoyote isipokuwa moshi wa injini. Ukitimiza hayo, kama umelala ndani au unasoma gazeti si kazi ya askari. Napenda ukavu wa kipimo hicho. Kiswahili nacho kinaijua tofauti hiyo kabla ya Mhispania; tukisema fulani "amepiga kambi" sebuleni kwetu hatumsifu.

Ureno ilianza kwa hasira. Amri iliyotolewa Desemba 2020 ilikataza kulala garini popote nje ya sehemu zilizoidhinishwa. Wenye magari-nyumba wakapiga kelele, na Agosti 2021 bunge likalegeza: ruksa kulala hadi saa 48 katika manispaa moja, isipokuwa kwenye maeneo ya hifadhi na ukanda wa pwani unaolindwa. Saa 48! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sidhani wabunge wa Lisbon walikuwa na mhenga wa Kiswahili kwenye kamati yao, lakini wamefikia hesabu ileile.

Turudi Queenstown, maana niliahidi. Mwaka 2021 halmashauri ile ilitunga sheria ndogo mpya na kali ya kambi huru. NZMCA wakaenda mahakamani. Septemba 2024 Mahakama Kuu ikaibatilisha, ikisema halmashauri ilizingatia mambo ambayo sheria ya 2011 haikuiruhusu kuyazingatia. Mji unaovutia watalii kuliko karibu mwingine wowote katika nchi hiyo ukaingia msimu wa kiangazi bila sheria ndogo ya kambi huru. Wako waliosherehekea. Mimi niliona wazee wa chama wameshinda kesi kwa faida ya watu wawili walewale wa Lake Hayes, ambao hawajui hata kwamba kesi ilikuwepo. Lakini ukisoma zile sababu tatu tena, mahakama ingeamuaje? Kuchoka kwa wakazi ni jambo la kweli, ila haliko kwenye orodha. Kama wanalitaka kwenye orodha, wamtume mbunge wao.

Kuna mtu mwingine ndani ya magari haya ambaye nimemwacha mpaka sasa. Kodi za nyumba New Zealand zimepanda mno, na baadhi ya wanaolala garini wala si watalii. Ni familia iliyokosa pa kuishi, mara nyingine baba anaamka hapo na kwenda kazini. Kwa jirani anayechungulia dirishani, gari ni gari. Sheria ya 2023 iliwatambua: mtu aliyelazimika kuishi garini kwa kukosa makazi yanayofaa hahesabiwi kuwa amepiga kambi huru, wala hapaswi kupigwa faini hiyo. Mwenye viza ya kutembelea hawezi kujificha nyuma ya kifungu hicho.

Kwa hiyo ofisa wa halmashauri anayezunguka na tochi alfajiri anasimama mbele ya vani kuukuu isiyo na stika ya kijani. Pazia limefungwa, kioo kina ukungu wa pumzi, chini ya mlango kuna jozi mbili za viatu, moja ndogo. Kabla ya kuandika chochote inambidi agonge, na amuulize aliyemo kama ana kwao.